Habari za Kwaresima na Majira ya Toba katika Nchi ya Ubena

Kila mwaka, kati ya tarehe 4 Februari na tarehe 10 Machi, huja siku iitwayo Jumatano ya Majivu. Siku hiyo Wakatoliki wa Njombe, wa Uwemba na wa Makambako hupakwa majivu katika paji la uso, na katika sharika za Kilutheri vitambaa vya madhabahuni hubadilishwa kuwa vya rangi ya zambarau. Tangu siku hiyo hata Pasaka ni siku 46. Ukiziondoa Jumapili sita, ambazo si siku za kufunga, zasalia 40. Lakini hatua chache tu kutoka makanisa hayo liko kanisa jingine ambalo siku hiyo hupita kama Jumatano nyingine yo yote. Ukimwuliza mchungaji wake, atakujibu ya kwamba hakuliona neno Kwaresima katika Biblia, na ya kwamba mwamini hufunga pale Roho anapomwita, si pale kalenda inapomwamuru.

Msidhani, ndugu wasikilizaji, kwamba jambo hili ni la wanafunzi wa theolojia peke yao. Makambako ni njia panda. Barabara za Iringa, Mbeya na Songea hukutana hapo, na tangu miaka ya 1970 gari la moshi la TAZARA hupita hapo pia. Watu wa kila dhehebu wamejenga na kuoana. Nyumba moja yaweza kuwa na baba Mlutheri, mama aliyesomeshwa na Masista wa Kibenediktini, na kijana aliyeokoka katika kanisa la Kipentekoste. Kijana ataka arusi yake iwe mwezi wa Machi. Mama asema arusi haifanywi katika Kwaresima, na akifanya hivyo yeye hatakula wala hatacheza. Baba anyamaza. Basi ni neno la nani litakaloshikwa, na kwa hoja gani? Kwa sababu hiyo tumeona vema kuzieleza habari za majira haya tangu asili yake, na jinsi yalivyofika katika nchi ya Ubena, maana mtu asiyejua desturi ilikotoka hawezi kuitetea, wala hawezi kuikataa kwa haki.

Torati ya Musa iliwaamuru Waisraeli siku moja tu ya kujitesa nafsi katika mwaka, ndiyo Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwezi wa saba. Hapana nyingine. Lakini baada ya Yerusalemu kubomolewa na watu kuchukuliwa Babeli, waliongeza mifungo minne kwa ajili ya kuukumbuka msiba wao, nayo yatajwa katika kitabu cha nabii Zekaria. Watu walipomwendea nabii huyo kuuliza kama waendelee kufunga sasa hekalu linapojengwa tena, hakuwajibu kwa ndiyo wala kwa siyo. Aliwauliza kwanza walikuwa wakifunga kwa ajili ya nani, kisha akawakumbusha habari za mjane, yatima, mgeni na maskini. Twaona basi ya kwamba swali la kijana wa Makambako ni la zamani sana.

Bwana wetu naye aliulizwa kwa nini wanafunzi wake hawafungi kama wanafunzi wa Yohana. Alijibu kwa mfano wa arusi: walioalikwa hawawezi kufunga bwana arusi angali pamoja nao, lakini siku zitakuja atakapoondolewa, ndipo watakapofunga. Hakusema watafunga siku ngapi wala mwezi gani. Kanisa la Antiokia lilifunga kabla ya kuwatuma Barnaba na Sauli. Na Paulo, yeye yule aliyetumwa kwa kufunga, akawaandikia Wakolosai kwamba mtu asiwahukumu kwa ajili ya chakula, kinywaji au sikukuu. Anayesoma moja ya hayo na kuliacha jingine amesoma nusu.

Desturi ya siku arobaini ilikua polepole. Mnamo mwisho wa karne ya 2 Ireneo, Askofu wa Lyon katika nchi iitwayo Ufaransa siku hizi, alimwandikia Askofu Viktori wa Roma kwa sababu ya ugomvi juu ya tarehe ya Pasaka. Humo alieleza kwamba Wakristo wengine hufunga siku moja kabla ya Pasaka, wengine siku mbili, wengine zaidi, wengine saa arobaini za mchana na usiku. Na bado wote wana amani, na kule kutofautiana kwao katika kufunga kwathibitisha kuwa imani yao ni moja. Hoja hii hatujaona iliyo bora kuliko yake tangu siku hizo. Katika mkutano mkuu wa Nikea, mwaka 325, zile siku arobaini zatajwa kama jambo ambalo watu wamekwisha kulijua. Wakati huo wengi waliobatizwa walikuwa watu wazima, nao walibatizwa usiku wa Pasaka. Majuma yale yalikuwa darasa lao la mwisho, na waumini wa zamani wakafunga pamoja nao ili wasiwaache peke yao. Majivu ya paji la uso kwa watu wote yalikuja baadaye sana, mnamo mwisho wa karne ya 11.

Neno lenyewe Kwaresima si la Kibantu wala la Kiarabu. Latoka katika Kilatini, nalo maana yake ni ya arobaini. Lakini maneno saumu na toba Wakristo waliyapokea kutoka lugha ya pwani, ambako Waislamu walikuwa wakiyatumia karne nyingi kabla Mapadre wa Roho Mtakatifu hawajafika Unguja mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868. Kwa hiyo Mkristo wa Njombe anaposema anafunga Kwaresima kwa ajili ya toba, amenena Kilatini na Kiarabu katika sentensi moja ya Kiswahili, na nyumbani kwake azungumza Kibena. Wala hakuna ubaya.

Ugomvi mkubwa juu ya mfungo ulizuka Ulaya mwaka 1522. Katika mji wa Zürich, nyumbani kwa mpiga chapa Froschauer, watu kadha wa kadha walikula soseji wakati wa Kwaresima, na hilo lilikuwa kosa mbele ya serikali. Mchungaji Zwingli alikuwapo. Yeye mwenyewe hakula, lakini baadaye alihubiri kwamba Mkristo ana uhuru katika vyakula, na ya kwamba anayetaka kufunga na afunge, ila asimlazimishe mwenziwe. Martin Luther huko Ujerumani alishika njia nyingine kidogo. Naye alikataa fundisho kwamba mtu hupata haki mbele ya Mungu kwa kufunga. Lakini katika Katekisimo yake Ndogo ya mwaka 1529 aliusifu mfungo kuwa maongozi mema ya mwili, na majuma ya mateso ya Bwana hakuyafuta. Wafuasi wa Zwingli na wa Calvin, na hasa Waskoti, waliyaondoa majira hayo kabisa katika mwaka wa kanisa. Tafadhali likumbukeni neno hili la Waskoti, maana litarudi hapa kwetu.

Sasa na tuje Ubena. Wamisionari wa Misheni ya Berlin walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakaanza kazi kwa Wanyakyusa, kisha wakapanda milima kwa Wakinga, na mwaka 1898 wakajenga Kidugala katika nchi ya Wabena. Baadaye vikaja vituo vingine, kama Lupembe, Yakobi na Ilembula. Watu hao walitoka Prusia, na kwao mlikuwa na majira mawili ya toba: majuma ya mateso kabla ya Pasaka, na Siku ya Toba na Maombi, ambayo tangu mwaka 1893 iliwekwa Jumatano ya mwezi wa Novemba kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwaka wa kanisa. Siku za namna hiyo asili yake si chuoni. Watawala wa Ulaya waliziamuru wakati wa vita, tauni na njaa, ili watu wote wa nchi waache kazi na kuomba.

Njaa na vita havikukawia kufika. Mwezi wa Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, Mbeyela, mkuu wa Wabena, pamoja na wapiganaji wa Kingoni, waliishambulia misheni ya Yakobi. Mmisionari Gröschel na watu waliokimbilia kwake waliilinda, na washambuliaji wakarudishwa nyuma. Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko mapigano. Majeshi ya Wadachi yalichoma vijiji na mashamba na kuchukua vyakula, na katika nchi zote zilizoingia vitani wengi zaidi walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Serikali ya Wadachi ilikadiria watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria hata 250,000 au 300,000.

Twataja habari hizi kwa sababu maalum. Hebu fikiri hali ya mwalimu wa Kibena aliyesimama mbele ya watu waliopona katika njaa hiyo, akawafundisha habari za kufunga. Watu walikuwa wamefungishwa na moto wa askari. Tena wengi walikuwa wamefungishwa na dawa yenyewe, maana waliokunywa ile maji ya vita walipewa miiko ya kushika, na waliambiwa kwamba risasi haziwadhuru wakiishika. Risasi ziliwadhuru. Mtu aliyeona hayo hawezi kuusikia mwiko mpya kwa moyo mwepesi. Atauliza kama huu nao ni dawa. Twadhani mafundisho ya Kilutheri kwamba mfungo haumnunui Mungu yalikuwa na maana kubwa katika Ubena kuliko hata huko Wittenberg.

Kisha Vita Kuu ya kwanza ikawaondoa Wadachi. Baada ya vita hiyo sharika za Berlin katika nyanda za juu za kusini ziliangaliwa na Waskoti wa Livingstonia, ng'ambo ya Nyasa, mpaka wamisionari wa Kijerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Basi wale waliofundishwa majuma ya mateso wakawa chini ya kanisa lisilokuwa na Kwaresima. Lakini Waskoti nao hawakuwa watu wa kula tu. Kwao ilikuwako desturi ya siku ya kufunga kabla ya Meza ya Bwana, na kila mtu alichunguzwa mwenendo wake kabla ya kukaribia. Kalenda haikuwapo, toba ilikuwapo. Mwaka 1939 vita nyingine ilikuja, Wajerumani wakakamatwa tena, na Walutheri wa Marekani na wa Sweden wakaja kusaidia. Katika mageuzi hayo yote waliobaki mahali pamoja ni waalimu na wazee wa kanisa Wabena. Wao ndio walioendelea kufundisha, chini ya wakubwa wa namna tatu au nne, na yale yaliyodumu yalidumu kwa kuwa wao waliyaona yafaa. Mwaka 1963 lilipoundwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kalenda yenye Kwaresima ilikuwa ya Kanisa lenyewe, wala si ya mgeni.

Kwa upande wa Wakatoliki habari ni fupi zaidi, kwa kuwa sheria yao ilikuwa moja. Wabenediktini waliojenga Peramiho mwaka 1898 walieneza kazi mpaka Ubena, na mfungo uliofundishwa ulikuwa mkali. Lakini mwaka 1966 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliupunguza kwa waraka wake juu ya toba: siku za lazima za kufunga zikabaki mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na nyama ikakatazwa siku za Ijumaa. Hata hivyo maaskofu walipewa ruhusa ya kuweka matendo mengine ya toba na ya huruma kadiri ya hali ya nchi. Wagonjwa, wajawazito na wazee hawalazimishwi. Mzazi anayemnyima mtoto uji kwa ajili ya Kwaresima hafuati sheria ya Kanisa lo lote tulijualo.

Yako maneno mengine ambayo wazee huyauliza, nayo twaona ndiyo yenye uzito zaidi: je, babu zetu hawakuwa na majira yao ya toba? Walikuwa nayo. Wabena walimjua Nguluvi kabla ya misheni, na walitambika makaburini mvua ilipokawia au ugonjwa ulipoingia. Kwa jirani zao Wanyakyusa habari zimeandikwa kwa kirefu na Monica Wilson, aliyekaa huko miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey. Aeleza kwamba watu walikuwa na majira ya kuisafisha nchi, ambapo majivu ya mafiga yalitolewa nyumbani na kutupwa. Tena, kabla ya ibada kubwa, aliyekuwa na uchungu juu ya ndugu yake ilimpasa autoe kwa kinywa mbele ya watu, maana waliamini ya kwamba hasira iliyofichwa moyoni huleta maradhi, na hasira iliyosemwa imekwisha poa.

Wamisionari wengi waliyakataa mambo hayo yote kwa pamoja, kwa sababu yalifungamana na dhabihu kwa wafu. Hatuwalaumu kwa kukataa dhabihu. Lakini pamoja na dhabihu walitupa na lile neno la kupatanisha, na hapo twaona hasara. Si wote waliofanya hivyo. Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas wa misheni ya UMCA, aliyekuwa askofu tangu 1926 hata 1944, alijaribu kuitengeneza jando iwe ya Kikristo badala ya kuifuta. Wako waliomshutumu, na hata leo wanachuoni hawakubaliani kama alifaulu. Ila alionyesha kwamba desturi yaweza kupepetwa kama ulezi katika ungo, punje zikabaki na makapi yakaenda na upepo.

Ni ajabu kwamba Wanyakyusa walitupa majivu nje ili kuisafisha nchi, na Kanisa hupaka majivu usoni ili kumkumbusha mtu kwamba yeye ni mavumbi. Alama ni moja, njia mbili. Tungalikuwa na mamlaka ya kuagiza, tungaliagiza ya kwamba asipakwe majivu mtu asiyesema na ndugu yake mpaka kwanza amekwenda kwake. Lakini hatuna mamlaka, nasi twasema tu.

Tena liangalieni jira lenyewe. Ulaya Kwaresima huangukia mwisho wa baridi, ghala zinapokaribia kuisha, na kufunga kulisaidia kukifikisha chakula mpaka mavuno. Watu hufikiri kwamba jambo hili halituhusu sisi wa kusini ya Ikweta. Lakini katika nyanda za Njombe, ambazo ziko karibu mita 2,000 juu ya bahari, mahindi hupandwa mwanzo wa mvua, Novemba na Desemba, na kwa kuwa kuna baridi hukawia kukomaa. Februari na Machi ndiyo miezi ya kupalilia na ya kununua unga. Basi Kwaresima yakutana na njaa kwetu kama huko. Kwa maskini ni mfungo asioutaka, na kumhubiria yeye aache mlo mmoja ni maneno matupu. Mfungo wa nyakati hizo ni wa mwenye debe la akiba, nao hautimii mpaka kile alichokiacha kimefika kwa jirani asiye nalo. Nabii Isaya alikwisha kusema hivyo, naye alisema kwa ukali kuliko sisi.

Na kuna ulanzi. Miezi hiyo hiyo ya mvua ndiyo mianzi inayotoa. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi asubuhi na jioni, na maji matamu hudondoka katika mbeta. Siku ya kwanza ni kinywaji cha watoto, siku ya pili au ya tatu chalevya. Asipokata, chipukizi hukauka, na hapana la kufanya mpaka mwaka ujao. Kwa hiyo Mkristo wa Ubena aliyeweka nadhiri ya kuacha ulanzi katika Kwaresima ameacha kitu kilicho bora wakati wa ubora wake, na jambo hilo si dogo. Wako wanaoacha nyama ambao hata siku za kawaida hawaioni ila mara moja kwa mwezi.

Wenzetu wa makanisa ya Kipentekoste hawapingi kufunga. Wao hufunga siku tatu, siku saba, hata zaidi, pamoja na mikesha, na mara nyingi wawashinda wenye Kwaresima. Hoja yao ni juu ya amri na tarehe, nayo ina nguvu: desturi iliyozoeleka yaweza kufanywa na moyo uliolala. Lakini kwa maoni yetu tarehe yafaa kwa sababu moja ambayo mfungo wa mtu mmoja mmoja hauna. Watu wanaofunga pamoja wajua kwamba jirani naye ana njaa leo. Waislamu wa Makambako wajua jambo hili vema. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzo wa Machi na Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 ya mwezi huo huo. Mwaka 2026 zilikutana tena katika juma moja la Februari, na wafanya biashara ya chakula waliona adhuhuri vyungu vinakaa na wali jikoni.

Na yule mama wa arusi ya Machi? Hapana sheria ya Maandiko ya kumpa ushindi juu ya mwanawe, wala hapana ya kumpa mwanawe ushindi juu yake. Katika nyumba kadha wa kadha tumesikia wameafikiana hivi: mahari na maneno ya wazee yafanywe katika Kwaresima, pasipo ngoma, na arusi iwe juma la kwanza baada ya Pasaka. Ulanzi bado wapatikana wakati huo, ingawa umeanza kupungua.